Mdomo Chini ya Kitambaa

4 Februari

Kwako Fundi,

Mimi mzima, baba mzima, mashine yako nayo nzima, kwa hiyo hofu yote imebaki kwako. Umefika salama huko kampuni ilikokupeleka? Wiki tatu hizi nimemuuliza dereva wa lori la kampuni mpaka ameanza kuniita mke wa fundi mbele za watu. Nimemwambia akome. Hajakoma, na mimi sijakasirika sana.

Chumba cha kuchambua sufi kimepoa bila wewe. Mashine inanguruma vilevile, vumbi linaruka vilevile, sote tumefunga vitambaa puani na mdomoni kama majambazi, lakini nikimaliza kushona kingo za godoro na kunyanyua kichwa, hakuna mtu wa kumwambia neno. Wenzangu unawajua. Nikianza tu, "Haya, Sindano huyo!" Wanasema jina hilo si kwa sababu ya kazi, ni kwa sababu ya ulimi. Wewe hukuwahi kunikatisha. Ulikuwa unasimama na spana yako mkononi, unanitazama machoni, unaitikia kwa kichwa mpaka nimalize. Miezi mitatu! Sijawahi kupata mtu wa kunisikiliza namna ile, Fundi, hata nyumbani kwetu.

Jambo moja tu limenikaa moyoni. Siku ile nilipokuhadithia mama yangu alivyofariki, ulitabasamu. Nimeliwaza sana. Nimeamua kwamba ulikuwa unanitia moyo. Ni kweli?

Karani wa meneja amekubali nipokee simu ofisini kwake Jumamosi saa nne asubuhi. Nipigie. Ulikuwa husemi sana, lakini hayo machache nimeyakosa.

Ni mimi,
Sindano


17 Februari

Sindano wangu,

Nisamehe kwa simu. Dereva ameniambia ulikaa kwa karani mpaka saa sita. Simu ya hapa iko kwenye kibanda cha mlinzi, ina makelele, na mimi na simu hatujawahi kupatana. Tuandikiane tu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili polepole.

Kuhusu mama yako, pole. Pole sana. Ndiyo, nilikuwa nakutia moyo.

Huku tunafunga mashine mbili mpya, na zote zimekuja na mikanda isiyo ya kwao. Tunalala wanane bweni moja. Jioni hadithi ni wanawake tu. Mchomea vyuma mmoja anasema mwanamke unaanza kumwona machoni, lakini jicho lako halikai pale, linateremka lenyewe mpaka mdomoni, na likifika mdomoni ndipo unajua kama umekwisha au umepona. Wote wakacheka. Kisha wakanigeukia. "Na wako, Fundi? Midomo yake ikoje?"

Sindano, nilijiona kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wizi. Miezi mitatu nimesimama hatua moja kutoka kwako na mdomo wako sijauona. Kazini umefunga kitambaa. Chai unakunywa umegeukia stoo. Ukitoka getini umeshajitanda ushungi mpaka puani. Macho yako nayajua, nikipewa kalamu nitayachora. Lakini tangu siku ile, hata nikiwa chini ya mashine na grisi usoni, naufikiria mdomo wako. Ni mpana? Ni mdogo? Ukicheka unakuwaje? Usinione mhuni. Nina sababu zaidi ya kuutaka kuliko hawa wenzangu, siku moja nitakueleza.

Wenzangu wana karatasi walizotumiwa na wake zao, zimebusiwa kwa rangi ya mdomo. Wamezibandika ndani ya milango ya makabati. Nitumie na mimi.

Wako,
Fundi


1 Machi

Dada yangu,

Nimekwisha. Soma hiyo barua yake niliyoikunja humu ndani, kisha uniambie kama sijakwisha.

Wewe ndiye uliyenishika mkono siku ya kushonwa, nikiwa na miaka sita, mama ameshindwa kuingia. Unajua walichokikuta na unajua walichokiacha. Madaktari walifanya walichoweza, siwalaumu, lakini huu mdomo wa juu umevutwa kushoto kama pindo lililoshonwa na mtu mwenye haraka, na kovu limepanda mpaka puani. Unafikiri niliomba kazi kiwandani kwa kupenda magodoro? Niliomba kwa sababu pale kufunga kitambaa ni sheria. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa sawa na kila mtu.

Na yule mwalimu aliyeletwa na shangazi umemsahau? Alikuja, akaketi, akanitazama macho, akatabasamu. Kisha jicho likateremka, kama anavyosema huyo mchomea vyuma wake. Akatazama saa ya ukutani. Chai yake aliiacha nusu, dada, nusu! Mimi ndiye niliyeimwaga.

Fundi si kama yule. Fundi ananisikiliza. Nikimwambia kitu anatulia mpaka mwisho, na ile mikono yake anaiweka kwenye mashine kama anampima mtu homa, anajua ugonjwa uko wapi bila kufungua hata skrubu. Simtaki mwingine. Nikimpoteza huyu kwa sababu ya mdomo, sitajaribu tena, nakuambia kabisa.

Sasa naomba, na usinicheke. Wewe una midomo ambayo wanaume wanajigonga kwenye nguzo wakiitazama. Nibusie karatasi moja. Moja tu.

Mdogo wako


9 Machi

We mtoto we!

Karatasi hiyo hapo. Nimepaka ile nyekundu ninayowapaka maharusi, na nimebusu karatasi sita ndipo nikapata moja isiyo na michirizi. Wateja saluni wamenitazama mpaka mmoja ameuliza kama nimepatwa na kitu. Shemeji yako naye ameikuta ya tano chini ya kitana, akauliza ni ya nani. Nikamwambia ni yake. Sasa anazunguka nayo mfukoni kama kitambulisho, maskini.

Nimekufanyia kwa sababu nimeisoma barua yako nikalia. Lakini nisikilize. Karatasi haiongei wala haili wala haizeeki. Wewe utaonekana siku moja, na siku hiyo mimi sitakuwepo nikusimamishie midomo yangu mbele. Mwambie kabla hajaja. Kila siku unayochelewa unaongeza kitu juu ya kitu.

Halafu kitu kingine. Mtu anayetaka mwanamke na hapendi simu kiasi hicho, mimi namwona wa ajabu. Ana mke huko? Muulize.

Dada yako


15 Machi

Fundi,

Ulichotaka kimo humu. Usiwaonyeshe wenzako. Sina mengi ya kuandika leo, kuna magodoro sitini ya hospitali yanatakiwa kesho.

Jumamosi ijayo nitakuwa kwa karani tena saa nne. Sikulazimishi. Niambie tu ukweli, kuna mtu mwingine?

Sindano


28 Machi

Sindano, Sindano!

Hakuna mtu mwingine. Mungu shahidi yangu, hakuna. Kuhusu simu nitakueleza tukionana, naomba univumilie mpaka hapo.

Nilifungua bahasha nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya grisi. Nilifuta mikono kwanza, kisha nikafuta tena. Kumbe midomo yako ndiyo hiyo! Imejaa, imetulia, wa chini una kamstari katikati. Niliitazama mpaka msaidizi wangu akaja kunigusa bega kuniambia mkanda unaungua. Sijaibandika kabatini. Iko ndani ya kitabu cha mashine, ukurasa wa vipimo, ambapo hakuna anayefungua ila mimi. Nimeibusu. Naona aibu kuandika hivyo lakini nimeandika.

Nilikuwa na hofu moja kubwa ambayo sijamwambia mtu. Nilipoiona midomo hiyo, hofu ikapungua nusu. Midomo ya namna ile haiwezi kunipa taabu.

Nimepata ruhusa. Jumamosi tarehe 26 Aprili nitakuja kwenu na baba mdogo, tuonane na mzee. Ninakuomba mambo mawili tu. Siku hiyo usijifunike uso. Na tukae mahali penye mwanga mzuri, uso wako uelekee dirishani.

Wako,
Fundi


4 Aprili

Dada,

Anakuja. Tarehe 26, na baba yake mdogo. Baba amefurahi, ameshaanza kupaka mlango rangi.

Na umeona alichoandika? Nikae penye mwanga, uso uelekee dirishani! Mimi ni godoro? Anataka kunigeuza atafute palipoachia uzi? Nililia, kisha nikakasirika, kisha nikalia tena. Eti midomo ya namna ile haiwezi kumpa taabu. Midomo yako, dada! Mimi ndiye taabu yenyewe.

Nimefikiria kusema naumwa jino, nijifunge shali. Nimefikiria kusema nimesafiri. Nimefikiria kumwomba meneja anipangie zamu siku hiyo. Jana nimesimama mbele ya kioo nikajaribu kuushusha huu mdomo kwa kidole ukae sawa. Nikiachia, unarudi. Nimekonda, suruali ya kazi naifunga kwa kamba. Usiniambie nimwambie ukweli. Ukweli ninaujua, ninachokosa ni njia nyingine.

Mdogo wako


8 Aprili

Mdogo wangu,

Hakuna njia nyingine. Mwandikie ukimaliza kusoma hapa, usioshe hata sahani. Midomo hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe ana mume. Nilikosea kukusaidia, nimekosa usingizi.

Akikukataa, panda basi uje kwangu. Chumba cha nyuma kipo. Lakini asikukatae mlangoni mbele ya baba na huyo baba mdogo wake. Akukatae kwa barua, mwanangu, barua unaweza kuichana.

Dada yako


10 Aprili

Kwako Fundi,

Midomo uliyonayo kwenye kitabu cha mashine si yangu. Ni ya dada yangu, ana saluni, ameolewa.

Yangu iko hivi. Nilizaliwa mdomo wa juu umepasuka mpaka puani, ule wanaouita mdomo wa sungura. Nilishonwa. Kuna kovu, na upande wa kushoto umepanda juu kiasi kwamba jino moja linaonekana hata nikinyamaza. Nikicheka, unavutwa zaidi. Nikisema maneno fulani, midomo haigusani vizuri upande huo, ingawa sauti yangu ni safi na hilo unalijua, maana umenisikia miezi mitatu.

Nilidanganya kwa sababu uliniambia jicho huteremka. Nimeona macho mengi yakiteremka, Fundi. Yote hufanya kitu kimoja, hushtuka na kukimbia. Nilitaka lako libaki juu muda kidogo zaidi.

Kama hutaki kuja tena, nijulishe mapema nimwambie baba aache kupaka rangi. Sitakulaumu. Nitakukumbuka kwa jinsi ulivyokuwa ukinisikiliza, na hilo litanitosha.

Sindano


16 Aprili

Sindano,

Siku mbili sikuweza kuandika. Nakuambia ukweli kwa sababu umeniambia wako. Niliposoma barua yako nilishtuka. Nilikasirika pia. Umenifanya nibusu midomo ya mke wa mtu, na nikaipenda! Karatasi nimeichoma. Halafu nikawaza wenzangu watasema nini wakikuona, na nikajiona mtu mdogo sana kwa kuwaza hivyo, lakini niliwaza.

Sasa nami nina la kusema, na naogopa kuliko ulivyoogopa wewe.

Mimi sisikii. Nimefanya kazi kwenye mashine miaka kumi na moja. Sikio la kulia lilikufa zamani, la kushoto lilifuata mwaka juzi. Nasikia mtu akipiga kelele karibu kabisa, tena kama mtu aliye ndani ya pipa. Kampuni haijui. Fundi asiyesikia mashine nani atamweka? Ile mikono uliyoiona nikiiweka juu ya mashine ndiyo masikio yangu, beringi ikiharibika naijua kwa kiganja. Na watu nawasoma midomo. Nimejifunza mwenyewe, kimyakimya. Huku bwenini kuna seremala mwenye masharubu mazito, huyo simwelewi hata neno moja, nacheka tu wengine wakicheka.

Pale kwenu wote mmefunga vitambaa. Wengine nilikuwa nawakwepa. Wewe ulikuja mwenyewe, ukasimama mbele yangu, macho yako yakaanza kusema. Sikuelewa neno, Sindano. Hata moja. Nilikuwa naitikia kwa kichwa. Siku ulipohadithia habari za mama yako nilidhani unanichekesha, macho yalikuwa yanang'aa. Kumbe yalikuwa machozi. Nilijua uliponiandikia, na sijapata amani tangu hapo.

Barua zako ndizo zilizonisemesha na wewe mara ya kwanza. Kabla ya hapo niliyapenda macho tu, basi. Ndiyo maana nilitaka kuijua midomo yako. Sikatai, niliitaka kama mwanaume yeyote anavyotaka. Lakini nilitaka pia kujua kama nitaweza kuisoma. Mwanga na dirisha ni kwa ajili hiyo, wala si kukukagua.

Sasa unaniambia upande mmoja haugusani. Sijawahi kusoma mdomo wa namna hiyo. Sijui kama nitaweza. Nikishindwa, tutaishi vipi? Kila usemalo uandike?

Nitakuja tarehe 26 usiponikataza.

Fundi


19 Aprili

Fundi,

Dereva wa lori amesimama getini anangoja barua hii na kupiga honi, kwa hiyo nitasema haraka.

Nilikuambia vitu ambavyo baba yangu mwenyewe havijui. Nilikuambia habari za yule mwalimu na chai yake. Nilikuambia ninavyoogopa kuzeeka peke yangu. Nilikwenda nyumbani jioni zile nikiwa mwepesi, nikisema kichwani, leo nimesikilizwa. Kumbe nilikuwa nauambia ukuta ulioshika spana! Na hukusema! Ungeweza kunionyesha sikio tu, kidole sikioni, ningeelewa. Mimi ni mtu wa mwisho ambaye angekucheka, na hukulijua hilo kwa sababu hukusikia nikikuambia.

Najua. Nami nilikutumia midomo ya kuazima. Najua. Bado nimekasirika.

Sikukatazi. Njoo. Lakini nitakuhadithia upya habari za mama, mwanzo mpaka mwisho, kwa mdomo huu ulivyo. Sitaandika hata herufi. Usiponielewa, tutakunywa chai vizuri, nitakusindikiza mpaka barabarani, na baba nitamweleza mwenyewe.

Na uniitikie kwa kichwa pale tu umeelewa. Ukiitikia bila kuelewa, nitajua, wallahi nitajua.

Sindano


27 Aprili

Dada yangu,

Kaa chini.

Walifika saa nne na robo. Baba mdogo wake ni mtu mfupi mwenye utani, aliingia akisifu rangi ya mlango, na baba akampenda hapohapo. Mimi nilikuwa jikoni na sinia la chai, sijajifunika kitu. Nilisimama nyuma ya pazia nikahesabu mpaka ishirini. Nikahesabu tena. Baba akaita, "Mbona chai haifiki, imepotea njia?" Nikaingia.

Jicho la Fundi likateremka, dada. Nililiona likiteremka. Baba mdogo wake alitazama mdomo na haraka akatazama sukari, kama wote. Yeye hakuondoa jicho. Nikaweka sinia, bado anatazama. Nikamimina chai, bado. Nilitaka kummwagia! Uso uliniwaka moto mpaka masikioni, nikaona hata kheri yule mwalimu, yeye angalau alitafuta saa ya kutazama. Ndipo nikakumbuka kwamba huyu anangoja niseme. Kwake kuutazama mdomo ndiyo kutega sikio. Nikasema, "Karibu." Akasema, "Ahsante," kwa ile sauti yake kubwa ya kiwandani, baba akashtuka na kijiko chake.

Baada ya chai tukaachiwa nafasi uani, wazee wamekaa barazani wanatupa mgongo lakini mlango uko wazi. Jua lilikuwa usoni kwangu. Nikaanza. Nikamwambia ilikuwa asubuhi, mvua inanyesha, mama anakunja nguo, akasema kichwa kinamuuma. Fundi akakunja uso, akasema, "Sijapata. Kichwa kinafanya nini?" Nikarudia. Hakupata. Nikarudia polepole, na nikasikia sauti yangu inaanza kukatika, maana tulikuwa bado mwanzo kabisa na tayari tumekwama. Alikuwa anatokwa jasho kuliko mimi. Hakuitikia kwa kichwa hata mara moja, dada, hata kwa kunionea huruma.

Mwisho akainuka. Nikajua anaondoka. Nilishika kiti kwa mikono miwili nisije nikamfuata. Kumbe anakihamisha kiti chake. Alikibeba akazunguka, akakiweka upande wangu wa kulia, akaketi, akainama kidogo, akainuka, akasogeza kiti tena kama anavyotafuta mahali pa kupachika taa chini ya mashine. Kisha akanishika kidevu kwa vidole viwili, akanigeuza kidogo tu. "Upande huu unasomeka," akasema. "Anza tena."

Nikaanza tena. Ilichukua muda, sikudanganyi. Maneno mengine nilirudia mara mbili, mengine aliyakisia, na mahali pamoja alikosea kabisa, akadhani jirani ndiye aliyefariki. Nikamrekebisha. Lakini aliposhika alishika kweli. Nikamwambia tulivyombeba mama, gari lilivyokosekana, alivyoninyooshea mkono ukafika nusu. Nikamaliza. Yeye akaendelea kunitazama mdomo kama bado kuna kitu kinakuja. Kisha akauliza taratibu, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo:

"Nani alimfumba macho?"

Dada, hilo sikuwa nimelisema. Miaka minne hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikasema, "Mimi." Akaitikia kwa kichwa.

Nililia pale uani bila aibu. Yeye alinishika mkono, ana kiganja kigumu na grisi haijatoka kwenye kucha. Bado nina hofu, usidhani imekwisha. Kampuni ikigundua masikio yake, sijui. Nikizeeka meno yakatoka, sijui atanisoma vipi. Na nikigombana naye itabidi nigombane polepole, upande wa kulia, mahali penye jua, na mimi unanijua. Hayo yote nilimwambia, akacheka pale palipofaa.

Likabaki moja. Wazee barazani, najua walikuwa wametega masikio. Nikajifuta uso, nikamwuliza lile lililonileta mpaka hapo tangu Februari. Nikasema, "Utaweza kuishi na mdomo huu?"

Akatazama. "Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Rudia tena."

Nikarudia, nikitamka kila neno peke yake, na nilihisi kila kitu kinaanza kunitoka mikononi, maana swali lenyewe lilikuwa fupi, na kama hili limemshinda basi limemshinda. Nikasema, "Hujaelewa?"

"Nilielewa mara ya kwanza," akasema, kwa sauti ile kubwa, wazee wote wanasikia. "Ndiyo, nitaweza. Nilitaka tu kuuona tena unavyosema."

Dada, nikarudia mara ya nne.

Mdogo wako